Bega la Nje Linaliwa, Pua Haiingii: Kutafuta Kosa la Kemba Bila Kukomba Akiba

Ukishuka garini baada ya duru tano za nguvu pale Whistling Morans, Athi River, usikimbilie kuuliza muda wako. Zunguka mbele, chuchumaa, upapase tairi kwa kiganja kutoka bega la ndani hadi la nje likiwa bado la moto. Bega la nje likiwa limeparurika, mpira umejikunja vijinyuzi na ubavu umeanza kuchubuka, ilhali upande wa ndani bado unang'aa kama ulivyotoka nyumbani, basi tairi limeshakueleza kona zilivyokwenda. Robo tatu ya upana wake ilikuwa ikisindikiza tu, na kazi yote ikabebwa na ukingo mmoja.

Dalili hiyo ndiyo huwafanya watu waanze kuzungumzia kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama gari kutoka mbele. Juu ya gurudumu ikiinama kuelekea injini, kemba ni hasi. Ikiinama kuelekea nje, ni chanya. Gari la kawaida hutoka kiwandani likiwa karibu na sifuri au hasi kidogo, kwa sababu limetengenezwa kwenda sokoni na kanisani. Ukiliingiza kwenye kona kwa kasi, bodi inalala na kulivuta gurudumu la nje liende chanya. Kwenye gari lenye shokapu za MacPherson, yaani shokapu na springi zilizounganishwa kuwa nguzo moja inayolishika gurudumu, gurudumu halijirekebishi vya kutosha bodi inapolala, kwa hiyo bodi ikilala digrii tatu, sehemu kubwa ya digrii hizo inaishia kwenye tairi. Ndiyo maana tunalianzisha likiwa limeinama ndani, ili kona ikilikamata lisimame wima.

Ninayoandika nimeyapata kwenye Subaru Impreza ya kabla ya 2007, yenye shokapu za aina hiyo mbele na nyuma. Sehemu kubwa itakufaa pia ukiwa na Corolla, Starlet au Vitz, kwa upande wa mbele. Na jambo moja nalisema mapema kwa sababu limewapotezea vijana wengi pesa: magari mengi niliyoyachungulia kwa lalamiko la kemba yalikuwa na ugonjwa mwingine. Bushi (mipira ya kwenye viungo) zilizochoka, upepo mdogo, tou (mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu) iliyohama. Kununua vipuri vya kemba kwa gari la namna hiyo ni kumpa dawa ya macho mtu anayeumwa na jino.

Anza kwa kupima

Kipimo cha nyumbani hakihitaji mashine. Kinahitaji timazi ya fundi mwashi, rula ya chuma na sakafu uliyoihakikisha. Hapo kwenye sakafu ndipo wengi huteleza. Uwanja wa gereji ukiwa na mteremko wa digrii moja kwenda kushoto, gurudumu la kulia litasomeka lina kemba nyingi kuliko lilivyo na la kushoto kidogo, nawe utatumia Jumamosi nzima kutibu sakafu. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, ule mafundi wa ujenzi wanaotumia kusawazisha msingi, uujaze maji, ushike ncha moja karibu na gurudumu la kushoto na nyingine karibu na la kulia. Maji hayadanganyi. Upande ulio chini uinue kwa vipande vya vigae mpaka magurudumu yote manne yawe usawa mmoja, kisha weka alama za rangi sakafuni ili wakati mwingine usirudie kazi.

Gari liwe katika hali ya mashindano: mafuta kiasi unachoanzia, upepo sawa pande zote, na uzito wa dereva kwenye kiti chake. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Ongeza ndoo ya maji na utakuwa umekaribia mtu mzima mwembamba. Usukani uwe umenyooka. Kisha bonyeza kila pembe ya gari mara kadhaa na ulisukume mbele na nyuma mita moja, kwa sababu gari lililoshushwa tu kutoka kwenye jeki hukaa limepanua miguu, na kipimo chake ni cha uongo.

Sasa ning'iniza timazi upande wa nje wa gurudumu, uzi upite katikati ya rimu bila kugusa tumbo la tairi chini. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha hadi ukingo wa rimu chini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kemba yako kwa milimita. Kuibadilisha kuwa digrii, kumbuka namba moja tu: digrii moja ni karibu milimita 17.5 kwa kila mita. Kwa hiyo kama ukingo wa juu na wa chini wa rimu umeachana milimita 430, digrii moja ni milimita 7.5, na nusu digrii ni kama 3.7. Juu ikiwa mbali na uzi kuliko chini, kemba ni hasi.

Pimamaji ya kwenye simu nayo inafanya kazi, mradi uilaze simu kwenye ubao ulionyooka unaogusa rimu juu na chini, wala si kwenye tairi. Vua kava la simu kwanza. Pima mara tatu, na kama majibu yanapishana zaidi ya robo digrii, kuna kitu hukukishika vizuri.

Andika namba za magurudumu yote manne kwenye daftari kabla hujagusa nati yoyote. Kemba ya Impreza yangu niliyoinunua ilikuwa hasi 0.4 kulia na chanya 0.3 kushoto. Tofauti hiyo ilinieleza habari za gari hilo kuliko alivyonieleza aliyeniuzia.

Bega la nje linaisha na pua inasukuma nje ya kona

Sababu ya kwanza kuikagua ni upepo, kwa kuwa ni bure. Tairi lenye upepo mdogo hulala ubavu kwenye kona na kula bega lake hata kemba iwe nzuri namna gani. Chora mistari mitatu ya chaki kutoka kwenye kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) kushuka ubavuni, kisha piga duru moja ya nguvu. Matairi mengi yana alama ya pembetatu ndogo kwenye bega. Chaki ikifutika mpaka chini ya pembetatu hiyo, ongeza psi mbili ujaribu tena. Ikiishia kwenye pembetatu yenyewe lakini bega la nje bado ndilo linaloumia, nenda mbele.

Sababu ya pili ni tou. Magurudumu ya mbele yakiwa yamekodoleana, yaani pua zake zimeelekeana kupita kiasi, mabega ya nje huliwa hata barabarani. Tofauti yake na kemba utaihisi kwa kiganja. Tairi lililoliwa na kemba ni laini, limeshuka kama mteremko. Lililoliwa na tou lina meno ya msumeno: ukipapasa kwa upande mmoja linateleza, ukirudisha mkono linakukwaruza. Kiganja hiki nakiamini kuliko karatasi nyingi za alainmenti nilizoletewa.

Sababu ya tatu ni ulegevu. Inua gurudumu, shika saa kumi na mbili juu na chini, utikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukitikisa tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ukibaki, ni boljointi (kiungo cha mviringo) au bushi za mkono wa chini, au maunti ya juu ya shokapu, pale inapofungwa kwenye bodi. Bushi iliyokufa inaweza kumeza kemba yote uliyoiongeza mara tu kona inapoanza, na kwenye gereji kila kitu kitapimika sawa kwa sababu gari limesimama.

Ukimaliza hayo matatu na hakuna kilichopatikana, basi kemba yako kweli ni ndogo. Kwa matairi ya kawaida yenye kashata kwenye lami, mimi huanza na hasi digrii 2 mbele na kusogea kuelekea 2.5 au 3 nikifuata tairi linavyoniambia.

Hatua ya kwanza haina gharama. Shokapu ya MacPherson imefungwa kwa bolti mbili kwenye kile chuma kinachobeba habu, na matundu yake huwa na nafasi kidogo. Inua gari, liweke kwenye stendi, vua gurudumu. Fungua klipu ya paipu ya breki na ya waya wa ABS kwenye shokapu ili visinyooshwe. Ingiza jeki au tofali la mbao chini ya habu, kwa maana ukizilegeza bolti zote na habu ikaanguka nje, inaweza kuichomoa ekseli kwenye jointi yake ya ndani, na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Legeza nati zote mbili, sukuma sehemu ya juu ya habu kuelekea ndani kwa nguvu, na mwenzako akaze huku umeishikilia. Kwa magari mengi utapata robo hadi nusu digrii, bila senti.

Hatua ya pili, kwenye Impreza, tayari umeshaimiliki. Bolti ya juu ya shokapu ya mbele ni ya kemba tangu kiwandani. Ina tumbo lililoegemea upande mmoja na alama kichwani. Ukiizungusha, inasogeza habu ndani au nje. Wenye magari haya wengi hawajui, na nimeona mafundi waliozifunga kinyume, tumbo limeelekea kwenye chanya, gari likaendeshwa hivyo miaka. Siku zote shikilia kichwa cha bolti na uzungushe nati, si kinyume chake.

Mwenye Toyota ana njia yake. Kwa Corolla na ndugu zake kadhaa, Toyota wenyewe hutoa bolti mbadala za shokapu zenye nukta moja, mbili au tatu kichwani, na kila nukta inayoongezeka bolti ni nyembamba zaidi katikati. Bolti nyembamba inaacha nafasi, nafasi inageuka kemba. Ni kipuri halali cha kiwanda na bei yake ni ya bolti. Kila ukitembelea maduka ya spea za mtumba kule Grogan, Nairobi, chungulia vichwa vya bolti kwenye shokapu zilizovuliwa. Unaweza kukuta nukta. Lakini bolti ya mtumba yenye kutu kwenye nyuzi au shingo iliyovutika iache hapohapo ilipo.

Umefanya hayo na digrii bado hazifiki

Hapa kuna hesabu inayokuepusha na ununuzi wa kubahatisha. Pima umbali kati ya kitovu cha tundu la juu na la chini kwenye shokapu. Ukiwa karibu milimita 57, basi kila milimita moja unayosogeza tundu la juu ni digrii moja. Kwa hiyo bolti ya kemba inayodai kuleta digrii 1.75 inahitaji kusogeza chini kidogo ya milimita mbili, na unaweza kuikagua kwa kalipa ya kupimia dukani kabla hujatoa pesa. Hakikisha pia unene wake unalingana na matundu yako. Bolti ya kemba yenye shina jembamba mno inaingia kirahisi, inafungwa vizuri, na ndiyo inayohama.

Kama upande mmoja unafika na mwingine unakataa, acha kufikiria bolti. Kuna kitu kimepinda au kimehama. Ongeza kemba ya kushoto na ya kulia. Ikiwa jumla ni ya kawaida ila upande mmoja umezidi kwa kiasi kilekile ambacho mwingine umepungua, krosimemba, ile boriti ya chini inayobeba injini na mikono ya chini, imehama pembeni. Hiyo ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu dawa yake ni nguvu za mikono. Shikilia injini isije ikakaa vibaya, legeza bolti za krosimemba bila kuzitoa, isukume kwa mtalimbo mpaka katikati, kaza. Krosimemba nyingi huhama siku fundi aliposhusha giaboksi kubadilisha klachi na kuirudisha bila kuweka alama.

Jumla isipokuwa ya kawaida, tafuta kilichopinda. Pima nafasi kati ya shokapu na ukingo wa ndani wa rimu, kushoto na kulia, kwa urefu uleule. Nafasi zikitofautiana, shokapu au kibeba habu kimepinda. Zikilingana lakini kemba inatofautiana, mtazame mkono wa chini na maunti ya juu. Gari langu, lile la chanya 0.3, lilikuwa na mkono wa chini uliopinda kama sahani. Mkono wa mtumba ulionyooka ulirudisha zaidi ya nusu digrii peke yake, kabla sijagusa bolti ya kemba.

Kuhusu kutanua tundu kwa tupa: najua wanaofanya hivyo na najua inavutia kwa sababu tupa tayari unayo. Bolti hizo mbili ndizo zinazoshikilia gurudumu, breki na usukani. Tundu la chini lisiguswe na tupa katu. La juu likitanuliwa, kinachozuia gurudumu lisihame ni msuguano wa chuma kwa chuma tu, na fundi anayependekeza kuchomelea washa hapo analeta moto karibu na bomba la shokapu lenye mafuta na sili ya mpira. Ukitaka kemba zaidi ya ile ambayo bolti inaleta, ni salama zaidi kutanua matundu ya maunti juu kwenye bodi, pale skrubu tatu zinapopita, ili shokapu yote iegemee ndani. Kata kidogo, paka rangi dhidi ya kutu, weka bamba nene chini ya nati. Soma kanuni za daraja lako la mashindano kwanza, maana kuna madaraja yasiyoruhusu kuguswa kwa bodi, na mkaguzi atainua boneti kabla hajakusalimia.

Kemba haikai

Uliweka hasi 2.2 Ijumaa, Jumapili jioni unapima 1.5. Au mbaya zaidi, usukani umegeuka upande wenyewe katikati ya duru.

Hili limenipata. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka bolti zote grisi ili zisishikwe na kutu, nikazikaza nilivyozoea. Duru ya tatu niligonga ukingo wa kona kidogo tu, na gari likatoka pale usukani ukiwa umelala kushoto. Bolti ya juu ilikuwa imezunguka. Nilirudi kwenye kituo cha magari polepole, taa za dharura zikiwaka, na sijapaka grisi kwenye shokapu tena.

Kinachoshikilia kemba si tumbo la bolti. Ni mbano: masikio ya shokapu yakibana kibeba habu mpaka visiweze kuteleza. Kwa hiyo chochote kinachopunguza mbano au msuguano ni adui. Grisi na mafuta kwenye nyuso zinazogusana. Rangi nene ya shokapu mpya, ambayo hupondeka na kuacha ulegevu, hivyo ikwangue pale masikio yanapogusana. Nati iliyokwisha kutumika mara nyingi. Kukaza kwa kubahatisha. Kwa Impreza za umri huo nguvu ya kukaza inayotakiwa iko kati ya Nm (nyutoni-mita) 150 na 175 kutegemea modeli, kwa hiyo tafuta namba ya gari lako kwenye mwongozo wake. Bolti mbadala za kemba mara nyingi zina namba yake ndogo zaidi, iliyoandikwa kwenye karatasi ya pakiti ambayo watu huitupa. Azima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ni kifaa cha kuazimana, na anayekunyima hajui anachokunyima.

Ukishakaza, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye sikio la shokapu. Baada ya kila kipindi tazama mstari. Umekatika, umehama. Macho mawili na sekunde tano.

Bega la ndani linaisha

Kila mtu atakwambia umezidisha kemba hasi. Inawezekana. Lakini kemba ya digrii mbili na tou iliyo sawa huliacha tairi likaishi muda mrefu kuliko watu wanavyoamini. Kinacholimaliza bega la ndani haraka ni kemba hasi pamoja na tou iliyofunguka nje, kwa kuwa ukingo mmoja unabeba uzito na wakati huohuo unaburutwa pembeni. Tumia kiganja: ukikuta meno ya msumeno, rekebisha tou na uiache kemba ilivyo. Ukikuta mteremko laini, na uwanjani bega la nje linabaki safi hata baada ya duru za nguvu, hapo ndipo urudishe nusu digrii.

Kama una kipimajoto cha sindano, kichome kwenye mpira mara tu unapoingia, ndani, katikati na nje. Bega la ndani likiwa na joto zaidi ya la nje kwa nyuzi tano hadi kumi, uko pazuri. Vile vya miale vinasoma ngozi ya tairi tu, na ngozi hupoa kabla hujafungua mkanda.

Gari linavuta upande mmoja

Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi. Lakini kwetu tunaendesha kushoto na barabara zimeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo kushoto kwenye Mombasa Road si ushahidi wa kitu. Jaribu mahali tambarare. Kisha badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama pamoja na matairi, ni tairi. Usipohama, gusa rimu zote mbili baada ya mwendo: moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa ya breki imeng'ang'ania. Baada ya hapo ndipo upime kemba, na tofauti ya kushoto na kulia ishushe chini ya robo digrii.

Breki zimepungua nguvu

Magurudumu ya mbele yanafunga mapema kwenye mstari ulionyooka, na gari linafuata kila mfereji wa lami. Hii kweli ni kemba iliyozidi. Tairi linasimama kwa bega la ndani na sehemu inayogusa lami imepungua. Rudisha nusu digrii, kisha nyingine. Ukipata muda mzuri zaidi kwa jumla ya duru ingawa kona moja imekuwa mbaya, chukua muda wa jumla.

Tairi linagusa shokapu

Kuongeza kemba kwa bolti za shokapu kunasogeza juu ya tairi kuelekea kwenye nguzo ya shokapu na sahani ya springi. Acha nafasi isiyopungua milimita tano, tairi likiwa na upepo wa moto na gari likiwa limesimama chini. Alama ya mpira uliosagika kwenye nguzo maana yake umeshachelewa, na kagua ubavu wa tairi kwa makini kabla ya kulitumia tena. Spesa nyembamba ya rimu, bamba la kuisogeza nje, inatibu, ila hesabu nyuzi za nati zinazobaki.

Usukani umekaa upande na gari lina wasiwasi

Umebadilisha kemba ukaacha tou. Tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu kutoka kwenye usukani, ina urefu uleule, lakini mahali inaposhikilia kibeba habu pamesogea, kwa hiyo gurudumu limegeuka. Kila ukigusa kemba ya mbele, tou nayo imehama, bila ubaguzi.

Zungusha uzi pande zote mbili za gari kwenye stendi nne, usawa wa katikati ya magurudumu. Pima kutoka kwenye uzi hadi katikati ya habu, mbele na nyuma, uhakikishe umekaa sambamba na gari (kumbuka mbele na nyuma huenda upana si mmoja). Kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu upande wa mbele na upande wa nyuma. Vikilingana, tou ni sifuri. Kwa uwanja napenda mbele ifunguke milimita moja kila upande, na nyuma izibe kidogo au isimame sifuri.

Gurudumu linahitaji kuteleza ili likae lilipotaka. Zamani tuliweka mifuko miwili ya plastiki yenye mafuta katikati. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, natumia vigae viwili vya sakafu vikitazamana uso kwa uso na grisi katikati, na kusema kweli vigae ni bora.

Nyuma na kwenye vumbi

Nyuma ya Impreza hii haina bolti ya kemba ya kiwanda, kwa hiyo bolti mbadala mbili ndizo ununuzi pekee ninaoutetea. Iache nyuma na kemba ndogo kuliko mbele kwa nusu digrii hadi digrii moja, ili pua iwe na nguvu kuliko mkia. Impreza zilizokuja baada ya hapo zina mikono miwili nyuma badala ya nguzo, nazo zina habari nyingine. Vitz na Starlet zina boriti nyuma, na kemba huko hupatikana kwa bamba jembamba la umbo la kabari kati ya kituo cha habu na boriti. Bamba liguse uso wote, lisiwe washa mbili zilizopachikwa kwenye bolti za chini.

Ukienda otokrosi (mashindano ya muda kwenye njia ya udongo) ya Jamhuri, Nairobi, kule ni udongo na mashimo. Tairi linachimba kwa kashata zake, halisimamii ngozi. Hasi digrii moja inatosha, na kemba ya lami itakupunguzia mshiko wa kuanzia na wa breki.

Matairi yanaishia njiani

Wengi wetu tunaendesha gari hilohilo kwenda uwanjani na kurudi, na Jumatatu linaenda kazini. Ndiyo maana nina mistari miwili ya rangi kwenye kila bolti ya mbele, mweupe wa barabarani na mwekundu wa uwanjani, na mingine miwili kwenye tairodi. Nilikaa siku nzima nikipima ili nijue tou inahama kiasi gani kati ya mweupe na mwekundu. Kwenye gari langu ni robo ya mzunguko wa tairodi kila upande. Sasa kazi inafanyika palepale uwanjani kwa jeki, stendi, spana ya 19, spana za tairodi na ya toki. Ya kwako itafute mwenyewe kwa uzi na uiandike kwenye daftari, kwa sababu robo yangu si robo yako, na bolti ikirudi kwenye mstari mweupe tairodi ikasahaulika kwenye mwekundu, kufika nyumbani bega la ndani litakuwa limeanza kuota meno.